Leseni ya Bima Texas: Jibu kwa Dada wa Fort Worth

Swali: "Shikamoo kaka. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga, niko Fort Worth na kazi yangu ni kutunza wazee. Kuna mtu wa jamii yetu ananihimiza niingie kwenye kuuza bima. Anasema kampuni yao itanisomesha na kunipa leseni, mradi nitangulize dola mia mbili na orodha ya majina ishirini na matano ya ndugu na marafiki. Mimi si raia, lakini kibali cha kazi ninacho. Leseni hii inapatikanaje hasa? Lazima nipitie kwao? Na nikiipata hapa Texas, naweza kumwuzia bima dada yangu aliye Minneapolis?"

Marahaba, dada.

Nianze na hilo la kupewa leseni. Marekani hakuna kampuni inayotoa leseni ya bima. Inatolewa na jimbo, na kwa Texas mtoaji ni Idara ya Bima ya Texas, ambayo watu wa kazi hii wanaiita TDI. Kampuni inaweza kukulipia kozi, inaweza hata kukulipia mtihani, lakini leseni itaandikwa jina lako na itabaki yako siku utakapoachana nao. Kwa hiyo hapana, si lazima upitie kwa yeyote. Unaweza kuanza leo ukiwa nyumbani, na ukishika leseni mkononi ndipo ukae mezani na kampuni unayoitaka, ukiwa huna deni la fadhila.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki jambo la jimbo hutuchanganya kidogo. Nyumbani tumezoea mamlaka moja kwa nchi nzima: Tanzania kuna TIRA, Kenya kuna IRA. Hapa kila jimbo lina msimamizi wake, sheria zake na mtihani wake. Mzizi wake ni kesi ya wakala aliyeitwa Samuel Paul, wa Petersburg, Virginia, aliyeuza bima za moto za kampuni za New York bila leseni ya Virginia akatozwa faini. Alikata rufaa mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1869 akashindwa: mahakama ikasema bima si biashara ya kati ya majimbo, hivyo kila jimbo lina haki ya kuisimamia. Mwaka 1944 mahakama hiyo hiyo ikabadili msimamo, lakini mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya McCarran-Ferguson na kuurudisha usimamizi kwa majimbo. Ndiyo maana mtu mwenye cheti cha umahiri wa bima kutoka Nairobi au Dar es Salaam hapunguziwi chochote hapa. Anakaa mtihani kama mgeni mwingine yeyote. Maarifa yatamsaidia, cheti hakitamsaidia.

Sasa, leseni ipi? Swali hili watu hulipita haraka, kisha wanajikuta wana karatasi isiyowaruhusu kuuza wanachotaka kuuza. Texas ina leseni kuu mbili za wakala. Moja ni ya bima ya maisha, ajali na afya. Nyingine ni ya mali na dhima (dhima ni hasara ya mtu mwingine unayowajibika kuilipa), yaani nyumba, magari na biashara. Hii ya pili ina mdogo wake anayehusu mahitaji ya mtu binafsi tu: gari lako, nyumba yako, basi. Ziko na leseni nyingine ndogo ndogo, ikiwemo ya maisha peke yake na ya bima za mazishi, na iko ile ya mkadiria hasara, anayekwenda kukagua paa baada ya mvua ya mawe au kimbunga. Hiyo ya mwisho ni kazi nyingine kabisa, ingawa kwa Texas inalipa vizuri mwaka wenye dhoruba.

Huyo aliyekufuata, kwa jinsi ulivyomweleza, karibu hakika anauza bima ya maisha. Wengi wa jamii yetu huingilia mlango huo kwa sababu ndio mlango wa wanaoandikisha watu. Lakini tazama jirani zako. Wangapi wanaendesha malori? Mwenye lori lake anayebeba mizigo ya watu kuvuka majimbo anadaiwa na sheria ya shirikisho awe na bima ya dhima isiyopungua dola 750,000, na huo ni mzigo wa kawaida, bado kemikali. Kila mwaka anahuisha, kila mwaka ananung'unika bei, na mara nyingi anahudumiwa na mtu asiyeelewa nusu ya anachosema. Biashara hiyo inataka leseni kamili ya mali na dhima. Ile ndogo ya mtu binafsi haitoshi. Mimi ningekuwa na nafasi ya leseni moja tu Fort Worth, nisingekimbilia ya maisha. Hiyo ni hukumu yangu, wapo watakaonipinga, na kama moyo wako uko kwenye afya kwa sababu ya kazi yako, fuata moyo. Unaweza pia kuzichukua zote mbili kwa nyakati tofauti.

Kuhusu masomo, una bahati ya kuwa Texas. Majimbo mengi yanakulazimisha kukaa darasani saa kadhaa kabla ya mtihani. New York inadai saa 90 kwa mali na dhima. Florida inadai saa 200 kwa leseni yake kubwa ya wakala wa jumla. Texas haidai hata saa moja kwa leseni hizi za wakala. Ukijiona umeiva, nenda kafanye. Hii haina maana usisome. Ina maana tu kwamba anayekuambia "lazima upitie kozi yetu" anakuuzia kitu ambacho sheria haikukuamuru kununua. Chukua kozi ya mtandaoni yenye maswali mengi ya majaribio, na kabla ya kuinunua pakua bure mwongozo wa watahiniwa wa Texas kutoka kwa Pearson VUE, kampuni inayoendesha mitihani kwa niaba ya TDI. Humo mna orodha ya mada na uzito wa kila moja. Kwa mtu anayefanya zamu kama wewe, wiki nne hadi sita za kusoma kidogo kidogo kila siku zinatosha kwa aina moja ya leseni.

Mtihani ni wa kompyuta, wa kuchagua jibu, una maswali zaidi ya mia, na alama ya kufaulu ni 70. Hautolewi kwa Kiswahili. Matokeo unayapata papo hapo. Ukianguka unalipa tena na kurudia. Una sehemu mbili: misingi ya bima kwa jumla, na sheria za Texas. Watu wetu wengi huanguka kwenye hiyo ya pili kwa sababu wanaiona fupi wakaidharau. Kumbuka Texas ina mambo yake ya peke yake. Kwa mfano, mwajiri binafsi hapa halazimiki kuwakatia wafanyakazi wake bima ya ajali kazini, jambo ambalo karibu kila jimbo jingine linalazimisha. Kima cha chini cha bima ya dhima ya gari ni 30/60/25, yaani dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja na 25,000 kwa mali. Mambo ya namna hiyo hayakisiwi, yanakaririwa. Kwenye bima ya maisha, elewa vizuri ile miaka miwili ya mwanzo ambamo kampuni inaweza kuupinga mkataba kwa sababu ya maelezo ya uongo, elewa nani ana maslahi ya kibima juu ya uhai wa nani, yaani nani angepata hasara ya kweli mwingine akifa, na elewa mnufaika wa kwanza na wa pili wanavyopokezana. Si kwa ajili ya mtihani tu. Siku mjane atakapokupigia simu, hayo ndiyo atakayokuuliza.

Kiingereza cha mtihani si cha kupiga porojo, ni cha kisheria, lakini kinajirudia. Ukishafanya maswali ya majaribio mia kadhaa utaona sentensi zile zile zikija na nguo mpya. Kuwa mwangalifu na maswali yanayouliza "lipi SI kweli". Hayo yanawaangusha hata Wamarekani.

Kuna jambo dogo la majina ambalo si dogo. Jina unalojiandikisha nalo lazima lifanane na la kitambulisho utakachokwenda nacho. Sisi tuna majina matatu, mara jina la baba limekaa katikati, mara limekaa mwisho, mara afisa wa uhamiaji alilifanya ubini. Kama leseni yako ya udereva inasema hivi na kadi yako ya Social Security inasema vile, nyoosha kwanza huko, maana jina hilo hilo litakwenda kwenye alama za vidole, kwenye maombi na kwenye leseni. Tofauti ndogo ya herufi inaweza kukurudisha nyumbani siku ya mtihani, na ada imeshalipwa.

Ukifaulu, una mwaka mmoja wa kuomba leseni kabla matokeo hayajaisha nguvu. Alama za vidole zinachukuliwa kwenye vituo vya IdentoGO kwa utaratibu wa TDI, na zinapelekwa kukaguliwa na polisi wa jimbo na FBI. Maombi yanajazwa mtandaoni, kupitia tovuti za maombi ya leseni zinazoitwa Sircon au NIPR, na ada ya maombi Texas ni dola 50. Ukijumlisha mtihani, vidole, maombi na kozi ya bei ya kawaida, kwa aina moja ya leseni huwa unabaki chini ya dola 400. Hizo zote zinalipwa kwa Pearson VUE, kwa IdentoGO, kwa TDI na kwa mwenye kozi. Sioni pa kuweka dola mia mbili za yule bwana.

Uraia si sharti. Fomu itakuuliza kama wewe ni raia, na kama sivyo, wa nchi gani; weka karibu kibali chako cha kazi ikiwa watakihitaji, na angalia tarehe yake isije ikaisha katikati ya safari. Umri ni miaka 18 na kuendelea. Kisha yanakuja maswali ya historia: kesi za jinai, leseni uliyowahi kunyang'anywa popote, kodi usizolipa, hata malimbikizo ya matunzo ya mtoto. Hapa nitasisitiza, kwa sababu nimeona watu wazuri wakijiharibia hapa. Kosa la zamani mara nyingi halimzuii mtu. Kulificha ndiko kunakomzuia. Vidole vitasema. Soma kila swali linataka nini na linaruhusu kuacha nini, kisha jibu, na ambatisha maelezo mafupi na nakala za mahakama. Mwenye wasiwasi anaweza kuiomba TDI imfanyie tathmini ya historia yake ya jinai kabla hajatumia pesa kwenye kozi na mtihani. Isipokuwa lipo zuio moja zito la shirikisho, la mwaka 1994: aliyepatikana na hatia ya kosa kubwa linalohusu udanganyifu au uvunjaji wa uaminifu haruhusiwi kufanya kazi ya bima popote nchini bila idhini ya maandishi ya msimamizi wa bima. Wizi wa kadi za benki, kwa mfano, unaangukia humo.

Leseni itakuja na namba ya taifa ya wakala. Ihifadhi, ni yako maisha yote, hata ukihamia jimbo jingine.

Na hiyo ndiyo njia ya kwenda Minneapolis. Leseni ya Texas peke yake haikuruhusu kumwuzia dada yako aliye Minnesota, hata kwa simu, hata kama ni wa tumbo moja. Yeye anakaa Minnesota, basi unahitaji leseni ya Minnesota ya wakala asiye mkazi. Usiogope, haina mtihani mwingine. Tangu sheria ya shirikisho ya mwaka 1999 iliyoyasukuma majimbo kutambuana, ukiwa na leseni hai ya jimbo lako unaingia NIPR, unachagua jimbo, unalipa ada, na kwa kawaida jibu linakuja haraka. Kampuni ambayo unauza bima zake nayo lazima iwe na ruhusa Minnesota na ikuteue huko, yaani ikuandikishe kuwa wakala wake. Ukihama Texas moja kwa moja ni habari nyingine: unaomba leseni ya ukazi katika jimbo jipya, na ukiwahi ndani ya siku 90 kwa kawaida husamehewa mtihani. Na kabla hujaniuliza: hapana, hakuna leseni ya jimbo lolote inayokupa haki ya kwenda kuuza bima Tanga.

Nimesema kuteuliwa. Leseni bila uteuzi wa kampuni ni sawa na leseni ya udereva bila gari. Na ni kwenye mkataba wa uteuzi ndipo watu wanapoumia, si kwenye mtihani. Kwa hiyo nirudi kwa yule bwana na majina yake ishirini na matano.

Mfumo wa namna hiyo unaruhusiwa kisheria ilimradi kipato kinatokana na bima zilizouzwa. Sisemi ni matapeli. Nasema hesabu yake ielewe. Wewe unauza, kamisheni inagawanywa kwenda juu kwa aliyekuandikisha, na aliyemwandikisha yeye. Mpya hupewa asilimia ndogo. Majina ishirini na matano ni soko lako lote la kwanza. Ukiyatoa kabla huna leseni, yeye ndiye atakayewauzia, kamisheni itaingia kwake, na wewe utakuwa umeshiriki "mafunzo". Na hapo pana hatari nyingine: kabla hujapata leseni huruhusiwi kumweleza mteja masharti ya bima, kumpa bei, kumjazia fomu wala kupokea sehemu ya kamisheni. Kukaa kimya ukijifunza ni sawa. Kumtafsiria shangazi kwa Kiswahili akashawishika akatia sahihi, hapo umeshauza bila leseni.

Lingine ni kamisheni ya kutangulizwa. Kampuni nyingi za bima ya maisha hukulipa mapema kamisheni ya miezi kadhaa mbele, kabla mteja hajailipia. Mteja akiacha kulipa mwezi wa nne, ile ambayo hujaistahili inadaiwa kwako. Umeuzia ndugu kumi waliokubali kwa aibu tu, sita wakaacha, sasa una deni na hupendwi tena kwenye harusi. Halafu hutakuwa mwajiriwa kama ulivyo kwenye nyumba ya wazee. Hakuna atakayekukata kodi. Utailipa mwenyewe, pamoja na ile ya kujiajiri ya asilimia 15.3, na kila dola inayoingia weka sehemu yake pembeni siku hiyo hiyo.

Kuhusu hao wazee unaowatunza. Ukichukua leseni ya maisha na afya utavutiwa na mipango ya Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya shirikisho inayohudumia hasa wazee, kwa sababu msimu wake, kuanzia Oktoba 15 hadi Desemba 7, una fedha. Leseni ya jimbo haitoshi kwa hilo. Kampuni zinakutaka upite mafunzo na mtihani wa Medicare kila mwaka. Na usiwauzie wazee wa zamu yako. Kanuni za shirikisho zinakataza kuwaendea watu wa Medicare bila wao kukuita, na zinabana sana uuzaji kwenye maeneo ya matibabu. Mwajiri wako naye akisikia, utapoteza kazi mbili kwa mpigo.

Kwetu mteja atakuomba "nipunguzie", na wewe utaona ni ungwana kumrudishia kidogo kutoka kwenye kamisheni yako. Texas inakataza kumrudishia mteja sehemu ya kamisheni ili anunue. Atakuomba pia umtilie sahihi kwa sababu yuko barabarani na lori lake na wewe ni kama ndugu. Usitie. Mpigie, msubiri, mtumie kiungo cha kusaini kwa simu. Na pesa ya bima aliyokukabidhi isilale kwenye akaunti yako ya nyumbani hata usiku mmoja.

Leseni inahuishwa kila baada ya miaka miwili, kwa saa 24 za masomo ya kujiendeleza, zikiwemo za maadili. Saa usiyoikamilisha inatozwa faini ya dola 50, kila moja, na zikikupungua kumi hesabu unaijua. Ukihama nyumba, wajulishe TDI ndani ya siku 30.

Yule bwana usimkatalie kwa ubaya, bado mtakutana msibani. Mwandikie ujumbe, si kwa simu, umwulize: dola mia mbili zinalipia nini hasa, na zitarudishwa nisipoingia? Asilimia yangu ni ngapi mwaka wa kwanza? Kamisheni inatangulizwa, na deni likitokea linadaiwaje? Nikiondoka, wateja wangu naondoka nao au wanabaki? Na nionyeshe mkataba kabla sijalipa. Akijibu yote kwa maandishi, huenda ni mtu wa kufanya naye kazi. Wakati unamsubiri, pakua ule mwongozo wa Pearson VUE na uanze na sura ya sheria za Texas.